Diya za Darasa la Artika

Tangu siku binti yake alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha nyuma cha shule, Bisun Deo alikuwa hashikiki. Akitumwa kiberiti dukani, anarudi baada ya saa nzima, kwa sababu kila aliyekutana naye njiani ilibidi aisikie habari yote toka mwanzo: kwamba Artika, yuleyule aliyekuwa akichungulia ndani ya redio mbovu akimtafuta mtu anayeongea, amesomea umeme huko Suva, mji mkuu wa Fiji, amerudi kwao Labasa, na kamati ya shule imempa darasa. Darasa la watu wazima. La kulehemu taa.

"Tumeshasikia, kaka Bisun," watu walimwambia. "Umetuambia juzi, ukatuambia na jana."

"Basi na leo sikieni tena. Masikio mnayatunzia nini?"

Kamati yenyewe ilitoa chumba kile shingo upande. Mwenyekiti wake, Jai Karan, alikuwa na malori ya miwa, na sauti ya kutosha kuyaita yote yakiwa upande wa pili wa mto. Aliwatangazia watu wazi mbele ya duka: "Huyu binti nampa mpaka Diwali. Hizo taa zake zikiwaka kwenye lango la hekalu, darasa litaendelea mwakani. Zikigoma, naleta fundi kutoka mjini, mwanamume aliyekomaa." Artika alijibu kwamba amesikia. Bisun alikuwa amesimama kando, akauma meno, maana tangu mtoto huyo azaliwe hakuwahi kumsikia akiwekewa masharti na mtu.

Kitu walichokuwa wakitengeneza kilikuwa kibao cha saketi cha ukubwa wa kiganja. Artika alikichora mwenyewe kwa umbo la diya, kile kibakuli cha udongo tunachotia samli na utambi usiku wa Diwali, sikukuu yetu ya taa. Mahali pa moto palikuwa na matundu ya kupachikia taa ndogo za LED, za manjano na za rangi ya chungwa, na kwa nyuma nafasi ya betri bapa kama kifungo cha koti. Mwanafunzi anapachika taa, anageuza kibao, anagusa mguu wa taa kwa ncha ya pasi ya kulehemu, kale kachuma ka moto kanakoshikwa kama kalamu, kisha anaingiza waya wa risasi mpaka uyeyuke na kushika. Mguu mrefu wa taa upande wa chanya, mfupi upande wa hasi. Ukikosea, taa hailalamiki, inakunyamazia tu.

Bisun naye alijiandikisha. Mkewe, Phulmati, aliposikia aliacha kukanda unga.

"Wewe? Umelehemu maisha yako yote. Unakwenda kujifunza nini kwa mtoto wako mwenyewe?"

"Siendi kujifunza. Nakwenda kumpa nguvu."

"Utakwenda kumwaibisha."

"Mama Artika, nitakaa kimya kama jiwe."

Phulmati alicheka akarudia unga wake, kwa kuwa alimfahamu mumewe.

Ni kweli kwamba Bisun alikuwa fundi. Ndoo ya maziwa ikitoboka, ilipelekwa kwake. Msimu wa miwa, rejeta za malori zikivuja, zilipelekwa kwake, na hakuna iliyowahi kurudi kwa kuvuja tena. Siri yake ilikuwa dawa aliyoichanganya mwenyewe: tindikali kali, ndani yake vipande vya zinki alivyovitoa kwenye betri kuukuu za tochi, vikichemka na kutoa povu mpaka vitulie. Aliiweka kwenye chupa ya achari na kuipaka kwa unyoya wa kuku. Bati lenye kutu likiguswa na unyoya ule linang'aa papo hapo, na risasi inatambaa juu yake yenyewe. Chupa hiyo haikutoka kwenye mfuko wa baiskeli yake, kama vile wengine wasivyoacha sigara.

Darasa lilipofika siku ya kulehemu, mambo yaliharibika. Lilikuwa juma la kuelekea Diwali na kila mwanafunzi alikuja na sahani: huyu barfi, huyu gulab jamun, vitamu vinavyochuruzika samli, huyu bajia zilizotoka motoni. Artika aliwaambia waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa vibao. Wakaitikia vizuri sana, kama watu wanavyomwitikia mtoto waliyemwona akikimbia uchi uani, kisha wakajifuta kwenye nguo wakaendelea. Samli ikaenda kwenye shaba ya vibao. Risasi ikakataa kushika.

"Mwalimu!" Aliyeita ni Mereoni, mwanamke wa kijiji cha ng'ambo ya mto, muuza magimbi sokoni, mwenye mdomo uliojulikana hadi stendi ya mabasi. "Mwalimu, hii yangu inabingirika tu kama mavi ya mbuzi. Njoo uone. Nimeshafuga zizi zima hapa."

Darasa likaangua kicheko. Artika hakuwahi kufika mezani kwake. Nje kulilia honi ya lori, ndefu, ya mtu asiyezoea kusubiri, naye akatoka. Bisun alichungulia dirishani. Alimwona Jai Karan ameegemea mlango wa lori, akinyoosha kidole kuelekea hekaluni, kisha kuelekea darasani, na binti yake amesimama mbele yake mikono nyuma, anasikiliza. Moyo wa Bisun ulimuuma. Aligeuka akatazama meza: vibao vimejaa madonge, watu wamekata tamaa, na mwenyekiti yuko mlangoni, wakati wowote anaweza kuingia.

Alikwenda kwenye baiskeli akarudi na chupa.

"Kaka Bisun, hiyo nini tena?" Mereoni aliuliza.

"Lete kibao chako. Halafu funga mdomo, kama unaweza."

"Siwezi, lakini nitajaribu kwa ajili yako."

Alipaka kwa unyoya, akashika pasi, akagusa. Risasi ikatambaa, ikatulia, iking'aa. Mereoni akapiga yowe la chinichini. Kwetu mtu akiwa na kitu kizuri halafu awaruke aliokaa nao, atasemwa hata msibani kwake. Bisun alizunguka meza zote kama anayezungusha bakuli la kava, kinywaji chetu cha barazani, hakumruka mtu, na kila kibao kilipata haki yake ya unyoya. Artika aliporudi, uso umemsawijika kwa maneno ya nje, alikuta taa zinawaka kila meza.

Alisimama. Aliokota kimoja, akakigeuza, akaokota kingine.

"Nani amewafundisha kulehemu hivi?"

Watu walimtazama Bisun. Bisun alikuwa amekwisha ficha chupa.

"Wewe, mwalimu," alisema. "Ulipotoka tu, mafundisho yakatuingia."

Wakacheka wote, naye Artika akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo mzito. Bisun alirudi nyumbani akiendesha baiskeli kwa mkono mmoja. Njiani hakumwambia mtu yeyote alichokifanya, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa sadaka kubwa. Alitaka sifa yote iende kwa mtoto.

Jai Karan alitaka vibao vyote vifungiwe kabatini shuleni mpaka siku yenyewe. Mvua ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha tena.

Asubuhi ya Diwali, Artika alikwenda kuvitoa. Bisun alifuata na kamba ya kuvitundikia begani, akipiga mluzi. Mwenyekiti alikuwa amewatangulia, na alipofunguliwa kabati alitia mkono, akautoa kama aliyeshika chura.

"Hii nini?"

Kibao kilikuwa kimeota ukoko mweupe na wa kijani kuzunguka kila taa. Akatoa cha pili, cha tatu. Vyote. Artika aliweka betri kwenye kimoja: giza. Akaweka kwenye kingine: taa moja ikawaka kidogo, kisha ikafa.

"Vimeoza!" Jai Karan alisema. "Leo ni Diwali, watu wanatoka hadi Seaqaqa kuja kuona lango letu, na wewe vibao vyako vimeoza kabatini! Umenunua uchafu gani, binti? Hii ndiyo elimu ya Suva?"

Artika alikileta kibao karibu na pua, akanusa. Bisun alikuwa mlangoni na aliona kila kitu: jinsi mabega ya mwanawe yalivyotulia ghafla, jinsi alivyokishusha kibao polepole. Harufu ile alikua nayo. Ilikuwa kwenye mashati ya baba yake, kwenye taulo, uani nyumbani. Hakugeuka kumtazama.

"Ni jukumu langu, mwenyekiti," alisema. "Jioni vitawaka."

"Na visipowaka?"

"Nimesema vitawaka."

Hapa sina haja ya kumpamba Bisun: alinyamaza. Mtu aliyekuwa akiwasimamisha watu barabarani kuwapigia hadithi, siku hiyo ulimi ulimganda. Alijua kilichokula shaba ile, alijua ni nani aliyekipaka, na alimsikia mwanawe akilibeba peke yake mbele ya mtu mwenye sauti ya malori. Kamba ilimteleza begani ikaanguka, naye akainama kuiokota, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

Nyumbani, Phulmati alikuwa jikoni na karai la mafuta. Artika aliingia na sanduku la vibao, akaomba beseni, maji ya moto, magadi, sabuni na miswaki yote iliyomo ndani ya nyumba.

"Miswaki ya nini?"

"Ya kuosha hivi, mama."

"Unaosha vitu vya umeme? Na maji? Siku ya Diwali?" Phulmati alimgeukia mumewe. "Na wewe umesimama tu. Mwambie mtoto!"

"Mwache," Bisun alisema kwa sauti iliyomshangaza hata mkewe.

Walikaa uani, baba na binti, beseni katikati. Artika alihakikisha hakuna betri iliyobaki, akachovya kibao, akasugua kwa mswaki kuzunguka kila mguu wa taa mpaka ukoko ukatoka na maji yakageuka rangi. Akampa baba yake kingine.

"Maji hayaui saketi isiyo na betri," alisema. "Magadi yanaizima tindikali. Kisha maji safi, kisha jua."

Alitamka neno tindikali bila kuinua macho. Bisun alisugua. Kila alipoinua kibao aliona mstari wa shaba uliolika, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na akaelewa jambo ambalo rejeta hazikuwahi kumfundisha: kwamba dawa yake ilikuwa haiachi kula. Rejeta ina chuma kinene na maji yanapita ndani, hutajua. Hapa hapakuwa na cha kutosha kuliwa.

"Mwanangu," alianza.

"Sugua, baba."

"Nataka kusema."

"Jua likizama hatutakuwa na la kusema. Sugua."

Wakasugua. Mereoni alipita kuleta magimbi ya sikukuu, akaona, akaweka kikapu chini, akapandisha mikono ya nguo yake na kukaa nao. Kwa mara ya kwanza hakutania. Alikitambua kibao chake kwa kitone cha risasi pembeni, akakiosha kama anayemwogesha mtoto wa mwenzake. Walivianika juu ya bati safi, karibu na papadi za Phulmati, kwenye jua kali. Mchana Artika alikaa na pasi yake akavipitia kimoja kimoja. Palipolika shaba, aliziba kwa kipande chembamba cha waya, baba yake akimshikia kibao kwa koleo. Ile mikono iliyonyoosha rejeta ilishikilia bila kutikisika. Alimtazama mwanawe akifanya kazi kwa karibu kama alivyokuwa hajamtazama tangu darasa lianze. Pasi ilishuka, ikagusa, ikaondoka. Hakuongeza, hakupunguza. Bisun alitambua kwamba kwa siku zote alizojigamba mtaani alikuwa akimsifia binti, na fundi alikuwa hajamwona.

Jioni kamba ilining'inia langoni mwa hekalu kutoka nguzo hadi nguzo. Watu walijaa barabarani, wanawake kwa sari mpya, watoto mikono imejaa fataki, watu wa kijiji cha Mereoni wamevuka mto na mikeka yao. Artika alipanda ngazi akatia betri moja moja. Cha kwanza kikawaka, taa zake zikipepesa kama utambi unaopulizwa. Cha pili. Cha tatu. Alipofika katikati watu walikuwa wameanza kupiga makofi, na alipofika mwisho lango lote lilikuwa linapepesa moto usiotoa moshi.

Jai Karan alishika kipaza sauti, kitu ambacho hakukihitaji. Aliishukuru kamati. Aliyashukuru malori yake kwa kubeba viti. Kisha akasema:

"Taa zimewaka, tunashukuru. Lakini asubuhi vibao hivi vilikuwa vimeoza, nimeviona kwa macho yangu. Tumeokolewa na bahati. Shule haiendeshwi kwa bahati. Kwa hiyo darasa la mwakani tutalikabidhi kwa fundi aliyekomaa."

Artika alikuwa bado juu ya ngazi.

Bisun alipiga moyo konde akapenya katikati ya watu.

"Mwenyekiti, hakuna bahati hapo," alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini watu walinyamaza. "Vibao niliviharibu mimi."

"Kaka Bisun, kaa chini, tunajua ni mwanao."

"Ndiyo maana nasema. Alipokuwa nje anakusikiliza wewe, nilipaka dawa yangu kwenye vibao vya watu wote. Sikumwomba ruhusa. Nilidhani namsaidia, nikamtilia kitumbua chake mchanga."

"Dawa gani?"

"Ileile."

Jai Karan alikunja uso. "Ile unayopaka kwenye rejeta za malori yangu?"

"Hiyohiyo. Na malori yako nayo, kesho uyalete tuyatazame vizuri."

Kicheko kililipuka. Mereoni akadakia kutoka nyuma: "Na mimi nilimpa kibao changu apake! Sikumuuliza mwalimu. Alituambia tunawe mikono, tukampuuza, tukapaka samli kila mahali. Niandikeni na mimi!"

"Na mimi!" mwingine akasema. "Na mimi," wa tatu, mzee mzima, akainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Mikono ikaendelea kuinuka mpaka darasa lote likawa limekiri mbele ya kijiji.

Mwenyekiti alimtazama Artika juu ya ngazi. "Wewe ulijua?"

"Nilijua nilipokinusa."

"Na ukaniacha nikutukane pale kabatini? Kwa nini hukunitajia jina?"

"Kwa sababu ni mwanafunzi wangu," Artika alisema. "Mwanafunzi akikosea ndani ya darasa langu, anayejibu ni mimi."

Hakusema ni baba yangu. Bisun alilisikia hilo, na kusema kweli lilimgusa kuliko kama angesema. Machozi yalimtoka hadharani, mbele ya wateja wake wote wa ndoo na rejeta, na hakuyafuta.

Jai Karan alikigeuza kipaza sauti mkononi, akatazama taa, akatazama ile mikono iliyokuwa bado juu. Ni mtu mgumu lakini hesabu za watu anazijua.

"Shusheni mikono," alisema hatimaye. "Darasa ni lake. Mwakani na mwaka unaofuata. Na mwenye mikono ya samli atafukuzwa na mimi mwenyewe."

Makofi yalipigwa, fataki zikaanza kabla ya wakati wake, na Phulmati akapita na sinia la peremende akimlisha kila aliyekaribia, mwenyekiti kwanza.

Baadaye gari dogo la watu wa kitongoji kingine lilisimama langoni. Dereva aliteremka, akazitazama taa kwa karibu, akamwona Bisun amesimama chini yake, kifua mbele, kama aliyewekwa kuzilinda.

"Hizi zimetengenezwa na nani, mzee? Ni wewe fundi?"

"Mimi?" Bisun alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Mimi ndiye niliyeziharibu, ndugu yangu. Zote. Aliyezifufua ni yule pale kwenye ngazi. Njoo karibu nikueleze toka mwanzo."